Nusu ya Alama

Mwenda aliamini kwamba binti yake alikuwa akiibiwa, na mtu akishaamini jambo la namna hiyo humwambii kitu.

Wawira alikuwa na miaka kumi na saba, na mchezo wake ulikuwa ule wa kusimama juu ya ubao mmoja, miguu yote miwili imefungwa, ukashuka mteremko wa theluji kwa kasi, ukarushwa hewani, ukajizungusha, kisha ukatua wima kana kwamba hukufanya kitu. Ukiuliza msichana wa Kiembu aliyekulia Carrollton, Texas, mji ambao theluji kidogo tu ikidondoka shule zinafungwa, aliupata wapi mchezo huo, jibu ni kanisani. Vijana wa kanisa walipelekwa New Mexico wakati wa likizo ya Machi. Wengi walianguka mara mbili tatu, wakapandwa na hasira, wakarudi kwenye basi kunywa kakao. Wawira hakurudi mpaka mchungaji wa vijana alipomfuata huko juu mlimani.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa mazoezi. Kulikuwa na jengo moja la michezo huko Carrollton lenye mteremko wa plastiki na shimo lililojaa vipande vya sponji, na humo ndimo alimoshinda kila akitoka shule. Mama yake, Celestine, muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa moyo, alimfunga viungo vilivyoteguka na kumwombea. Baba yake alimpeleka kwa gari, akamngoja, akamrudisha, na njia nzima akamweleza dhambi za majaji.

Maana majaji ndio waliomkera. Kila Januari chama cha mchezo huo kilisimamisha mteremko mkubwa wa vyuma kwenye uwanja wa kuegesha magari huko Fort Worth, kikaufunika kwa barafu iliyosagwa iliyoletwa na malori, na wasichana kumi na wawili wasiozidi miaka kumi na saba wakaruka mara tatu kila mmoja. Rukio bora ndilo lililohesabiwa. Majaji watano walikaa kwenye benchi na miwani yao ya jua, wakatazama, wakaandika alama kati ya sifuri na mia kwa kadiri walivyopendezwa. Msichana wa kwanza alipata nafasi katika kambi ya Colorado, ambako makocha wa timu ya taifa walichagua watu wao. Wa pili alipewa mkono wa pongezi. Mwaka 2004 Wawira alikuwa wa pili. Mwaka 2005 alikuwa wa pili tena, nyuma ya msichana yule yule wa kutoka Plano.

"Kwa kadiri walivyopendezwa," Mwenda alipenda kurudia mezani, kijiko mkononi. "Sasa hiyo ni alama ama ni salamu?"

Tumwelewe kidogo, ingawa si rahisi kumwelewa mtu mwenye kichwa kigumu kiasi hicho. Kabla bahati nasibu ya viza haijamleta Marekani, Mwenda alifundisha fizikia Embu miaka kumi na minne, na kila mwisho wa mwaka aliitwa Nairobi kusahihisha mtihani wa taifa. Kazi ile ilikuwa na heshima yake. Walimu waliketi kwa makundi katika ukumbi wa shule, kila mmoja na mwongozo wa kusahihishia. Mtahiniwa hakuwa na jina wala kabila wala shule, alikuwa namba tu. Jibu lilipata alama iliyoandikwa kwenye mwongozo, basi. Kiongozi wa kundi alichukua karatasi moja katika kila kumi akaisahihisha upya, na mwalimu aliyeonekana ana huruma alirudishiwa rundo lake lote mbele ya wenzake. Rundo la Mwenda halikurudishwa hata mara moja. Mwaka mmoja rafiki yake wa chuo, waliyelala chumba kimoja, alimwomba amtafutie mpwa wake alama mbili tu. Mwenda alikataa. Rafiki yule hajamsalimu tena hadi leo, na Mwenda akisimulia kisa hicho hutabasamu.

Texas ilimpa kazi katika kiwanda kimoja cha Garland kilichotengeneza vipande vidogo vya elektroniki, vile vinavyoliambia gari kwamba limegonga kitu, ili mfuko wa hewa ufumuke mbele ya dereva. Mwenda alikuwa anavipima. Kipande kimoja kiliweza kuhisi mshtuko na mzunguko kwa usahihi ambao jicho la mtu haliwezi hata kuuota. Akiwa pale mezani, wiki moja baada ya Wawira kupewa mkono kwa mara ya pili, wazo lilimjia. Kipande kikifungwa kwenye kiatu, kitasema mrukaji amekaa hewani muda gani na amezunguka nyuzi ngapi, bila kumjua ni wa Plano ama wa wapi.

Msimamizi alimruhusu kuchukua vipande vilivyokataliwa kwa sababu ya mikwaruzo tu. Aliyemsaidia alikuwa Polycarpe, Mkongo wa Bukavu waliyefanya naye zamu moja, fundi mwenye mikono myepesi. Kwa miezi mitano waliunda visanduku ukubwa wa kiberiti, na laptopu ikafundishwa kuvisikiliza kwa mbali. Usiku Mwenda aliandika barua kwa chama. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili. Ya sita ilikuwa na kurasa kumi na moja, na michoro.

Celestine alijaribu kumzuia. "Baba Wawira, yule wa Plano ametimiza miaka kumi na minane. Januari hayupo. Kati ya wasichana waliobaki, majaji wanampenda nani kuliko Wawira? Waache tu wafanye kazi yao."

"Nafasi ya kuachiwa si nafasi," Mwenda alijibu. "Nataka aipate na isionekane mtu amemwonea huruma."

"Unataka ama anataka?"

Mwenda aliinuka. Alikuwa na barua ya kumalizia.

Mwishowe chama kilichoka. Jaji mkuu, mama mmoja wa New Mexico aliyeitwa Avelina, aliyekuwa ameshinda mchezo huo ujana wake na magoti yake yakabaki huko huko, alimpigia simu akamwambia watajaribu. Nusu ya alama itatoka kwa majaji, nusu kwa mashine. Mwenda ndiye atakayeitumia, na Mwenda ndiye atakayetia sahihi kwamba imefanya kazi. Sharti moja liliongezwa, tena kwa mkono wa Mwenda mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki: mashine ikipata hitilafu, alama za majaji peke yake ndizo zitakazotumika kwa wote.

Sasa sikiliza kosa lake, ambalo mtu mwingine yeyote mwenye akili asingelifanya. Hakumpima binti yake. Miezi yote ile Wawira alikuwa akiruka dakika kumi kutoka nyumbani, na visanduku viko kwenye droo ya jikoni, na yeye hakumfunga hata kimoja. Wawira mwenyewe aliomba. "Baba, let me try moja tu, nione inasema nini."

"Mtahiniwa haonyeshwi karatasi kabla ya mtihani," Mwenda alimjibu, na akamaanisha.

Badala yake aliendesha gari kwa muda wa saa nne hadi Missouri City, kule upande wa Houston, kwa binamu yake Njoroge, akawafunga visanduku wana wawili wa Njoroge waliokuwa wakiruka na mbao za magurudumu katika bustani ya mtaa. Alifanya hivyo Jumamosi sita. Visanduku havikukosea hata nukta. Kila aliporudi alikuwa mchovu lakini ameridhika, akamwambia Wawira, "Mwaka huu hakuna wa kukuibia." Na Wawira, ambaye alikuwa ameyasikia hayo miaka miwili, alianza kuamini kwamba palikuwa na watu watano duniani waliokuwa wanamwonea.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi yenye joto, joto la kipuuzi la Januari ya Texas, mafundi wakimwaga barafu huku na barafu ikitiririka kule. Mwenda alipewa hema jeupe pembeni ya mteremko, meza, na kiti. Polycarpe alikuwa chini akiwafunga wasichana visanduku kwenye viatu. Kwenye laptopu hapakuwa na majina. Mwenda alikuwa amempa kila msichana namba kwa kura, lakini ya Wawira aliijua, maana aliiona imefungwa mgongoni mwake. Ilikuwa saba.

Namba saba iliruka. Mstari ulipanda kwenye skrini, ukakaa, ukashuka. Nje watu walipiga kelele za furaha, na kipaza sauti kikasoma alama za majaji, tisini na moja, za juu kuliko zote mpaka wakati huo. Mwenda alisoma alama yake. Mashine ilimpa sitini na mbili.

Alidhani kisanduku kimeloa. Alimwita Polycarpe, wakakibadilisha kwa kipya kilichokuwa mfukoni. Kwenye rukio la pili majaji walitoa themanini na nane, mashine ikatoa sitini na moja. Alifungua takwimu moja moja kama alivyokuwa akifungua karatasi za watahiniwa, akitafuta mahali ambapo mwanafunzi ameonewa. Hakupaona. Wawira alikaa hewani muda mfupi kuliko wenzake wanane. Ule mzunguko wake mmoja na nusu, ambao Mwenda alikuwa akiuhubiri kwenye barua zote sita, haukuwa mmoja na nusu. Alianza kujipinda kabla hajaondoka ardhini, akamalizia kuzunguka ubao ukiwa umeshagusa barafu. Robo nzima ya mzunguko ilikuwa ya chini. Jicho halikuiona kwa sababu Wawira aliifunika kwa utulivu. Akiwa juu, alikuwa kama mtu anayevuka sebule ya kwao kwenda kufunga dirisha. Majaji waliupenda utulivu ule. Waliupenda miaka mitatu mfululizo, wakaulipia alama ambazo mwongozo wowote wa Mwenda usingezitoa.

Basi hakuibiwa. Alikuwa akipendelewa. Mwenda aliketi na jambo hilo mbele yake na hakujua aliweke wapi.

Rukio la tatu lilipofika, wasichana wengine walikuwa wamekwisha. Aliusogelea uso wa laptopu hadi pua ikakaribia kuugusa. Namba saba iliondoka. Mstari ulipanda, ukakaa, naye akauombea ukae, akauombea kwa Kiembu, ukashuka. Kelele za nje safari hii hazikuisha haraka. Majaji walitoa tisini na nne. Mashine ilitoa sitini na tatu.

Polycarpe aliingia hemani, akachungulia hesabu, akapiga mluzi mdogo. Wawira alikuwa wa kwanza kwa majaji, akimwacha wa pili mbali. Kwa mashine alikuwa wa tisa. Ukichanganya, wa tano.

"Mwalimu," Polycarpe alisema taratibu, "sema tu mashini iko na panne, imeharibika. Ni neno moja tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe ni mutu moja. Mutoto naye ni mutu."

Kabla Mwenda hajajibu, pazia la hema lilifunuliwa na Avelina akaingia akichechemea, karatasi ya matokeo mkononi. Alimwangalia Mwenda, akaangalia laptopu, akaelewa. Watu waliozeeka katika kazi ya kutoa alama hawahitaji kuelezwa. Alivuta kiti akaketi, akazungumza Kiingereza chake cha pole pole, kama anayemsemesha mgonjwa. Alisema vifaa ni vipya. Alisema barafu imeyeyuka, maji yameingia kila mahali, na mwenyewe ameona visanduku vikibadilishwa. Alisema kama Bwana Mwenda atamwambia mashine imepata hitilafu, atamwamini, na hataona haja ya kuuliza zaidi. Kisha akaiweka karatasi mezani, na kalamu juu yake.

Mwenda aliumia. Tuseme hivyo bila kuzunguka, maana wapo waliosema baadaye kwamba mtu yule hana moyo. Moyo alikuwa nao, na uliuma kiasi cha kumfanya ashike ukingo wa meza. Alimwona Wawira katika kambi ya Colorado. Aliiona ile barua ya mwaliko. Aliona pia ukumbi wa Nairobi, na rafiki yake wa chuo akiomba alama mbili tu, na yeye akitikisa kichwa. Ikiwa alama zinaweza kutafutwa kwa ajili ya Wawira, basi kumbe zingeweza kutafutwa kwa ajili ya yule mpwa pia, na miaka yote ile alikuwa akijivunia upuuzi. Hilo ndilo lililomshinda. Haki ilikuwamo, lakini kiburi kilikuwamo zaidi, na mwenyewe hakuweza kuvitenganisha.

"Visanduku viwili tofauti, mara tatu," alisema. "Mashine ni nzima."

Akatia sahihi. Avelina aliichukua karatasi akatoka bila kuaga. Polycarpe alianza kukunja nyaya.

Msichana wa Frisco ndiye aliyetangazwa wa kwanza, mrukaji mwenye nguvu, aliyetua kwa kishindo kama mtu anayeshusha gunia. Watu walipiga makofi ya adabu. Wawira alikuwa miongoni mwa waliompigia makofi, na alimkumbatia. Jina lake liliposomwa la tano aliinua mkono kidogo, kama mwanafunzi anayeitika mahudhurio.

Na tuseme mapema, ili asiwepo anayesubiri muujiza. Warukaji walilalamika mwaka mzima kwamba mashine haioni uzuri, na Januari iliyofuata chama kikairudisha Garland katika boksi, na barua fupi ya shukrani. Majaji walirudi kwenye benchi lao na miwani yao ya jua. Msichana aliyeshinda mwaka huo alikuwa na utulivu mwingi hewani, ndivyo walivyosema. Wawira hakuwapo. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane mwezi Agosti, na ubao wake aliugawa kanisani.

Lakini siku ile jua lilikuwa bado halijazama walipoondoka Fort Worth, baba na binti, Polycarpe akiwa ametangulia na vifaa kwenye gari lake. Mwenda alikuwa ameandaa maneno. Alitaka kumweleza kuhusu ile robo ya mzunguko, kwamba inaweza kurekebishwa, kwamba kosa likishajulikana ni nusu ya kazi. Alipokohoa ili aanze, Wawira alimtangulia.

"Nilikuwa nje ya tenti," alisema. "Nilikuja kurudisha ile box. Nilisikia vile Avelina alikuuliza."

Mwenda aliangalia barabara. "Ulitaka niseme uongo?"

"Sijui vile nilitaka."

"Ningekuwa mtu gani, Wawira? Nimeandika barua sita nikidai ukweli. Ukweli ukija na sura nisiyoipenda niufukuze?"

"Two years unaniambia wananiibia. Two years, Baba. Nilikuwa nikiwaona pale juu nawachukia. Nilikuwa naruka nikiwa na hasira na wao." Hakupaza sauti. Alikuwa anatazama mikono yake. "Kumbe walikuwa wananipenda. Watu watano hata hawanijui, hawajui kwetu, waliniangalia tu wakapenda. Hiyo tu ndiyo nilikuwa nayo. Na wewe ndio umewaonyesha si kitu."

Mwenda alipunguza mwendo. Aliyokuwa ameyaandaa yote yalihusu nyuzi na sekunde.

"Si kwamba si kitu," alisema hatimaye. "Ni kwamba hakipimiki."

"Sawa. Wewe uliionaje?"

"Nini?"

"Ile ya tatu. The last one. Nilijua ni ya mwisho, nikajiambia niruke tu, nisifikirie mtu. I've never done it like that. Hata nikiwa juu nilijua. Avelina alisimama. Watu wote walisimama." Alimgeukia. "Wewe uliionaje?"

"Ulikaa sekunde moja na nukta..."

"Sio hiyo. Uliionaje wewe?"

Gari lilikuwa limekwama nyuma ya lori, na Mwenda alikuwa na muda wote wa kujibu. Neno moja lingetosha. Angesema ilikuwa nzuri na asingekuwa mbali na kweli, maana watu elfu moja walikuwa wameshuhudia, na jaji mkuu alisimama kwa magoti yale mabovu. Alilitafuta neno hilo, akaliona lilipo, na akashindwa kulitoa mdomoni, kwa sababu hakuwa na haki nalo.

"Sikuiona," alisema. "Nilikuwa naangalia skrini."

"Zile mbili za kwanza?"

"Sikuziona pia."

Wawira alitikisa kichwa polepole, akageukia dirisha. Hakulia, na Mwenda angeshukuru kama angelia. Lori lilisogea, wakasogea nalo, hivyo hivyo hadi Carrollton. Celestine alikuwa mlangoni na sare yake ya kazini, akiwa ameshapika chai, akauliza mambo yameendaje.

"Muulize Baba," Wawira alisema akimpita kwenda chumbani. "Yeye ndiye ana marks."